Uzi maalumu: mafuta ya kupaka na dawa za majani tunazotengeneza nyumbani (wenye watoto, magaga na ngozi kavu karibuni)

#1 BintiMakorora

Habari zenu wakuu.

Kila wiki humu jukwaani kuna mtu anauliza "krimu ya asili ya mtoto", na kila wiki wanaomjibu ni wauzaji. Nimeona nifungue uzi wa sisi tusiouza. Niko Tanga mjini. Nyumbani kuna watoto, kuna mama mkwe mwenye magaga, na kuna mume anayeshinda baharini akirudi ngozi imekakamaa kwa chumvi. Mafuta ya kupaka ya nyumba nzima natengeneza mwenyewe.

Naanza na jambo ambalo wafundishaji wa Yutubu huliruka: MAJI. Mafuta matupu yasiyo na tone la maji yanakaa miezi bila shida. Krimu ya dukani ni mafuta na maji yaliyolazimishwa kukaa pamoja, na kiwandani wanatia kihifadhi ili visiote vijidudu. Sisi jikoni hatuna kihifadhi. Kwa hiyo ukisaga mshubiri mbichi, tango au maji ya mchele ukachanganya na mafuta ukaweka kabatini, umefuga bakteria na ukungu, na siku za mwanzo huoni wala hunusi kitu. Kisha unampaka mtoto mwenye vidonda. Wengine wanapasua vidonge vya vitamini E wakidhani ndiyo kihifadhi. Vitamini E inachelewesha mafuta kuchacha, bakteria haiwagusi.

Kwa hiyo hapa tunaongelea mafuta ya mgando: mafuta, nta, na majani yaliyokaushwa. Basi.

Mafuta ya nazi. Chukua nazi zilizokomaa, ukitikisa maji yanacheza ndani. Kuna kwenye mbuzi, tia maji ya vuguvugu, kamua. Tui liache litulie usiku kucha. Asubuhi zito limepanda juu na maji yako chini; engua la juu, ya chini mwaga. Bandika kwenye sufuria nzito, moto mdogo, na usiondoke. Mwanzo litapiga kelele, linachemka kwa mapovu makubwa. Hizo kelele ni maji yanatoka. Taratibu mapovu yanakuwa madogo, mashapo yanajikusanya chini na kugeuka hudhurungi, harufu inakuwa kama ya kashata. Sauti ikikata kabisa, ipua hapohapo. Ukizubaa yanashika moshi na harufu hiyo haitoki tena. Chuja kwa kitambaa kikavu. Nazi kubwa 10 zinatoa kama nusu lita, zikiwa nzuri inazidi kidogo. Mashapo watoto wanagombania na sukari.

Majani. Nyumbani tunatumia mwarobaini. Yaanikwe kivulini, si juani, mpaka ukilikunja jani linavunjika. Likikunjika bila kuvunjika bado lina maji, liache. Gramu 30 za majani makavu kwa gramu 300 za mafuta, kwenye bakuli lililokaa juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, saa mbili hadi tatu, kisha chuja. Usiweke bakuli moja kwa moja kwenye jiko la mkaa. Mafuta na nta vikipata moto sana vinawaka.

Nta ya nyuki. Gramu 40 kwa gramu 200 za mafuta. Kata vipande vidogo, yeyushia humohumo kwenye bakuli. Kabla ya kumimina, chovya kijiko, kiweke kwenye kisahani cha baridi dakika mbili, halafu gusa kwa kidole. Yakiwa magumu mno ongeza mafuta, yakiwa laini mno ongeza nta. Makopo yawe ya kioo, yaliyochemshwa na kukauka kabisa.

Maswali karibuni. Wauzaji mpite kimya kimya tafadhali.

#2 Chaga_wa_Kibosho

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Endelea dada.

#3 MamaPacha_Mbeya

Asante sana dada. Swali: huku kwetu mafuta ya nazi muda mwingi yako kama jiwe, lazima uyaweke karibu na jiko ndipo umpake mtoto. Nikiweka nta kiasi chako si nitapata mshumaa?

#4 BintiMakorora

@MamaPacha_Mbeya utapata mshumaa kweli. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi kama 24. Tanga na Dar yanakaa maji karibu mwaka mzima, Mbeya na Njombe yanaganda yenyewe. Nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 na kitu, kwa hiyo inashikilia hata joto letu la Februari. Kwako punguza: gramu 25 kwa 200, na nusu ya mafuta yasiwe ya nazi. Rungwe na Njombe mna parachichi, wakamuaji wa mafuta yake wapo. Alizeti nayo ni nzuri. Pima kwa kijiko, mazingira yako ndiyo yataamua.

#5 Fundi_Seremala

Mimi sina mtoto ila mikono yangu imepasuka kwa gundi na vumbi la mbao. Hii inafaa?

#6 BintiMakorora

Inafaa mno. Paka usiku, vaa soksi kuukuu mikononi ulale nazo. Wife atakucheka siku mbili tu.

#7 Kidosho_Buza

Wadau, mimi nataka iwe na kung'arisha kidogo, si kujichubua, kung'aa tu. Nimesikia ndimu na manjano.

#8 BintiMakorora

Ndimu usiguse ngozi nayo halafu utoke juani. Sitanii. Maji ya ndimu na limau yakikutana na jua yanachoma ngozi kwelikweli, malengelenge kabisa, kisha yanaacha madoa meusi ya miezi. Yaani umetafuta weupe umepata mabaka. Manjano kidogo haina neno ila itakupaka rangi mashuka.

#9 Mr_Glow255

Dada zangu msihangaike. Chukueni hayo mafuta yake ya nta, changanyeni na tyubu moja ya ile krimu ya mzio inayouzwa duka la dawa, siku saba uso kama yai. Formula kamili njoo inboksi.

#10 BintiMakorora

Nilisema wauzaji wapite kimya kimya. Huo unaouza unaitwa mkorogo, na haupati nafasi kwenye uzi huu.

#11 Mfamasia_Mstaafu

Nilikuwa nasoma tu, ila hapa naomba niongee.

Hizo tyubu za mzio anazozisema nyingi zina steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe na mwasho, na baadhi ni kali sana. Ni dawa nzuri daktari akikuandikia kwa siku chache kwa ukurutu mkali. Ukiifanya kuwa mafuta ya kila siku, ngozi inakonda hadi mishipa inaonekana, michirizi inatokea kwapani na mapajani na hiyo haifutiki, chunusi zinajaa usoni. Siku ukiacha, uso unawaka kama umemwagiwa pilipili, na hapo ndipo watu wanarudia tena kupaka. Mtoto mdogo dawa inaingia hadi kwenye damu.

Na kuna la fangasi. Mtoto ana mashilingi, mama anapaka steroidi, wekundu unapungua, mwasho unapungua, mama anashukuru. Kumbe kinga ya ngozi ndiyo imezimwa na fangasi anatembea. Wiki chache baadaye ameenea hadi mgongoni na sura yake imebadilika, hata daktari anapata kazi kumtambua.

Mikorogo mingine ina haidrokwinoni, kemikali ya kuchubua ngozi, na mingine zebaki. Zebaki inaharibu figo, na mama akijipaka anayemkumbatia anaipata pia. Vipodozi vya namna hiyo ni marufuku nchini kwetu, tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Dunia nzima nayo, chini ya Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, nchi zilikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi vyenye zebaki vikome ifikapo 2025. Lakini sokoni vipo, tusidanganyane.

#12 Mr_Glow255

Wateja wangu wanashukuru, mtabaki na uzee wenu.

#13 Chaga_wa_Kibosho

Karanga zimekuwa tamu ghafla.

#16 Mzalendo_Halisi

Kuna kitu sielewi na huu uzi. Mabibi zetu walisaga majani mabichi, wakachanganya na maji, wakapaka watoto, nasi tukakua. Leo mnatuambia maji ni adui, sijui bakteria. Huu si ukoloni wa kifikra?

#17 Bi_Mkubwa_Unguja

Mwanangu Mzalendo, salamu. Mimi ndiye hao mabibi unaowasema, basi nisikilize.

Sisi Unguja na Pemba tunajua singo. Mawaridi, asumini, mrehani, kilua, karafuu, liwa, vinatwangwa na kutiwa mrashi, bibi harusi anasingwa mwili mzima. Kuna mambo ya maji mle? Yapo tele. Lakini singo hii ya maji mtu anatwangiwa leo akasingwa leo. Ikibaki inamwagwa, na mwenyewe anaoga ikatoka. Hatukuitia koponi tukaiweka chumbani miezi mitatu. Kama mtu anataka ya kuweka, basi ni kavu, unga mtupu, na unatiwa mrashi siku ya kuutumia. Liwa vilevile, unasugua jiweni kile unachotaka kupaka saa ile.

Kwa hiyo huyu mtoto wa Tanga hajapingana na mabibi. Kilichobadilika ni kopo na kifuniko. Nyie ndio mmetaka mambo ya asili yakae kama ya dukani.

Jambo jengine, karafuu. Mafuta yake ni makali, usiyatie kwa kijiko. Matone matano kwa gramu mia ya mafuta yatosha, na watoto wachanga wasipakwe kabisa.

#18 Mzalendo_Halisi

Shikamoo Bibi. Nimeelewa, hapo sina hoja.

#19 BintiMakorora

Shikamoo Bi Mkubwa. Hilo la "kutwangwa leo kusingwa leo" ningelijua kulisema hivyo, nisingeandika aya ndefu pale juu. Mshubiri nao ni hivyohivyo: kata jani, lisimamishe kwenye kikombe robo saa utomvu wa manjano udondoke wote kwa sababu ndio unaowasha, menya, paka ute wenyewe ukiwa mbichi kwenye ngozi iliyoungua jua. Uliobaki tupa.

#22 Mkunga_Singida

Hongera mleta mada. Mimi nafanya kazi wodi ya wazazi, naongeza ya watoto wachanga kwa sababu ndiyo yanayotutoa machozi.

Kitovu kisipakwe chochote. Si mafuta ya nazi, si majivu, si dawa ya meno, na kinyesi cha ng'ombe ndiyo pepopunda yenyewe. Kiwe kikavu na safi, kitadondoka chenyewe. Labda mhudumu wa afya akupe dawa maalumu ya kitovu, hiyo sawa.

Asali, hata kulambisha kwa ncha ya kidole, hapana kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima linavishinda lakini kwa mchanga vinatoa sumu inayolegeza misuli hadi kupumua kunakuwa shida.

Mafuta ya mwarobaini, yale yaliyokamuliwa kwenye mbegu, asinyweshwe mtoto hata tone. Watoto wamewahi kupata degedege na kupoteza fahamu. Anachofanya dada hapa ni kuloweka majani na kupaka nje, hiyo ni habari nyingine. Mjamzito asinywe mwarobaini wa aina yoyote.

Kupiga nyungu: tangu 2020 kila nyumba ina sufuria ya nyungu. Mtu mzima mwenye mafua ajifukize kama anapata nafuu. Mtoto usimfunike blanketi na sufuria ya maji yanayochemka. Tunawapokea wakiwa wameungua kifua na mapaja.

#23 MamaPacha_Mbeya

Dada mkunga, basi kikohozi cha watoto tufanyeje? Wa kwangu wana miaka mitatu.

#24 Mkunga_Singida

Miaka mitatu asali ruksa. Kijiko kimoja cha chai kabla ya kulala, inatuliza koo na watalala. Unaweza kukamulia ndimu kwenye maji ya vuguvugu yenye tangawizi kidogo, au mchaichai wa kunywa. Hiyo ni ya kutuliza, haiui ugonjwa. Ukiona anapumua haraka haraka, mbavu zinabonyea ndani akivuta pumzi, au hataki kunywa kitu, acha chai mezani nenda kituoni usiku huohuo.

Na kwa kuhara, najua mtaniambia majani ya mpera. Sikatai, lakini anayeua ni ukosefu wa maji. ORS kwanza, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji. Kama pakiti hakuna: maji safi lita moja, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Chumvi isizidi.

#27 Mtoto_wa_Leeds

Niko Uingereza, mwanangu ana ukurutu tangu azaliwe, baridi ikianza na mashine ya joto ndani ya nyumba ngozi inapasuka viwiko na nyuma ya magoti. Nimekuwa nikimpaka mafuta ya zeituni, mama alinishauri. Naona haisaidii, au nakosea kipimo?

#28 Mfamasia_Mstaafu

Badili mafuta. Tafiti zimeonyesha mafuta ya zeituni yanaweza kulegeza ukuta wa ngozi, na ngozi ya ukurutu tayari ukuta wake ni dhaifu. Alizeti imeonekana kuwa salama zaidi. (Watu wa Singida msianze kushangilia.)

La pili ni wakati. Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi, yanayazuia yaliyopo yasitoroke. Mwogeshe kwa maji ya vuguvugu, muda mfupi, mguse na taulo bila kusugua, na ndani ya dakika chache ngozi ikiwa bado mbichi mpake mafuta ya mgando kwa wingi. Ukisubiri akauke umechelewa. Dawa alizoandikiwa na daktari usiziache kwa sababu ya uzi huu.

#29 Mtoto_wa_Leeds

Nimekuwa nampaka baada ya kumvalisha nguo za kulalia, mikono na miguu tu. Leo nabadilisha.

#31 Kijana_Mweupe_Moshi

Mimi nina ualbino. Watu wananiletea mafuta ya nazi na ya mbegu za karoti wakisema yanazuia jua. Mleta mada unasemaje?

#32 BintiMakorora

Yangu hayazuii jua, na ya nazi hayazuii kiasi cha kutegemea. Kwako hilo si suala la urembo, ni saratani ya ngozi. Uko Moshi, hospitali ya KCMC ndiko ilikoanzia Kilisun, losheni ya jua ya watu wenye ualbino. Waulize kitengo cha ngozi. Kofia pana na mikono mirefu vinabaki palepale. Mafuta yangu paka usiku kwa ukavu tu.

#33 Kijana_Mweupe_Moshi

Losheni ninayo, nilitaka ulisemee humu watu wasome.

#36 Mkulima_Kongwa

Kwetu mnyonyo umejaa kila mpaka wa shamba. Nikamue mwenyewe mafuta ya nywele?

#37 BintiMakorora

Hapana kaka. Mbegu ya mnyonyo ina sumu kali, chache tu zikitafunwa na mtoto ni msiba, na makapi yake yatamaliza kuku na mbuzi wako. Mafuta yaliyokwisha kusafishwa hayana hiyo sumu, nunua hayo. Kama unataka mmea wa kuhangaika nao, una alizeti.

#38 Kidosho_Buza

Nimetengeneza jamani! Yameganda vizuri ila yana chengachenga kama sukari. Na nikitaka kuuza mtaani je?

#39 BintiMakorora

Hongera! Chengachenga ni kwa sababu yalipoa polepole, au nta haikuyeyuka yote. Yeyusha tena kwa mvuke, koroga, mimina, weka kopo kwenye beseni la maji ya baridi lipoe haraka. Maji yasizidi nusu ya kopo, yasiingie ndani.

Kuuza ni habari nyingine. Ukishatoza hela ni kipodozi, nenda TBS. Wajasiriamali wadogo huanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakapewa barua ya utambulisho. Na usiandike "yanatibu" kwenye kopo, hapo utakuwa umeingia kwenye dawa na watu wa tiba asili wana baraza lao na sheria yao ya 2002.

#40 Kidosho_Buza

Hapana, acha niwapake wa nyumbani kwanza. Nta nimepata ya bei rahisi sana, nyeupe, haina hata harufu.

#41 BintiMakorora

Eh! Hiyo inawezekana kabisa ni nta ya mishumaa. Ya nyuki ambayo haijasafishwa ina rangi ya manjano na inanukia asali, ukiibonyeza kwa kucha inaingia kidogo bila kumeguka. Waulize wauza asali wa Tabora, Sikonge au Manyoni, wengi hawajui kama kuna mtu anaitaka nta peke yake. Ya mishumaa haitakuua ila mafuta yatateleza juu ya ngozi na kutoka jasho siku ya joto.

#42 Fundi_Seremala

Mikono inaendelea vizuri, soksi zimechekwa kweli. Swali dogo: kwa nini ndani ya kifuniko changu kuna matone ya maji na mimi sikuweka maji popote?

#43 BintiMakorora

Ulifunika yakiwa ya moto, fundi. Mvuke wa pale jikoni umenasa ndani, umepanda ukawa matone kwenye kifuniko na sasa unadondokea mafuta. Futa kifuniko kwa kitambaa kikavu, yeyusha upya yote, mimina, tandaza kitambaa chepesi juu ya kopo na usifunge mpaka kesho asubuhi. Na kuchota tumia kijiko kikavu, si kidole kilichotoka kunawa.